Maneno Yaendayo Mawili Mawili Katika Kiingereza

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo moja la lugha ya Kiingereza ambalo wanafunzi wengi hawafundishwi, nami mwenyewe sikulifundisha miaka mingi, hata likanipata la kunipata.

Nilipokuwa mwalimu kijana, kabla sijapelekwa kufundisha katika chuo cha waalimu, nilikuwa na shule ndogo katika kijiji kilicho mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka njia ya reli. Asubuhi moja mama mmoja alinijia mbio, karatasi mkononi. Mumewe alikuwa amepanda gari la moshi kwenda mjini kumtazama mwana wao, kijana aliyesoma kwangu miaka minne, naye wakati ule alikuwa karani dukani. Karatasi ile ilikuwa simu ya maandishi kutoka kwa kijana yule. Ilikuwa kwa Kiingereza, maana kijana alijua ya kuwa nitakayeisoma ni mimi, akapenda nione kwamba hajasahau mafundisho yangu. Ilikuwa na maneno sita tu: "LOST FATHER STATION YESTERDAY LETTER FOLLOWS."

Sasa sikilizeni. Neno "lose", ambalo wakati uliopita huwa "lost", likitajwa pamoja na mtu wa jamaa, Mwingereza hulifahamu kuwa ni kufiwa. Akisema, "He lost his father last year," amesema ya kuwa baba yake mtu yule alikufa mwaka jana. Na "letter follows", yaani barua yafuata, ni maneno ambayo watu walikuwa wakiyaandika sana katika simu za msiba. Niliyasoma, nikaona habari ni wazi kabisa. Nikamwambia yule mama, "Mama, jitie moyo. Mzee ametutoka jana, huko stesheni."

Kilio kikaanza pale pale uani kwa shule. Ndugu wakaja kutoka vijiji vitatu, mbuzi akachinjwa, watu wakalala matanga. Siku ya nne mfuko wa posta ukaja, na ndani yake barua ya kijana, kwa Kiswahili safi: alikwenda stesheni kumpokea baba yake, akamkosa katika msongamano wa watu; kumbe mzee ametokea mlango mwingine, akaenda kulala kwa shangazi; sasa wako pamoja, wote hawajambo. Baada ya majuma mawili mzee mwenyewe akarudi. Alipohadithiwa habari za kilio chake alicheka sana, kisha akauliza mbuzi wake yuko wapi. Nililipa mimi.

Nilipokuwa nikilipa nilikuwa na hasira juu ya kijana. Lakini usiku nilifungua daftari langu la masomo, nikatafuta, nikaona kwa mwandiko wangu mwenyewe: "lose: kukosa, kupoteza." Ndivyo nilivyoandika ubaoni, na ndivyo alivyonakili. Kijana alitaka kusema "nilimkosa baba stesheni", akatwaa neno nililompa mimi, akalipeleka mahali lisipokwenda. Neno alilolihitaji ni "miss".

Basi tulitazame neno letu "kukosa". Sisi twasema mtu amekosa gari, amekosa fedha, amekosa adabu, amekosa shabaha, na neno ni moja tu. Mwingereza hana neno moja kwa haya yote. Aliyekosa gari la moshi "missed the train". Aliyekosa shabaha "missed the target". Aliyekosa fedha "lacks money" au "has no money". Aliyekosa adabu "has no manners". Hakuna hata mmoja wao aliye-"lose" kitu. Neno "lose" ni la yule aliyekuwa nacho kisha kikamtoka: "I lost my knife", nimepoteza kisu changu, "We lost our way", tumepotea njia. Na hilo "miss" nalo lina mambo yake. "I missed my father at the station" ni kwamba hatukuonana. Lakini "I missed my father very much" ni kwamba alikuwa mbali nami, nikamtamani sana, moyo ukawa mpweke. Ni neno lile lile, na mtu ni yule yule. Kinachoamua maana ni maneno yaliyokaa karibu nalo.

Hilo ndilo nitakalo mlishike. Neno la Kiingereza halitembei peke yake. Lina wenzake ambao limezoeana nao tangu zamani, na kuna mengine yasiyokaa nalo hata kidogo, ijapokuwa kwa maana yangefaa. Mwanafunzi aliyehifadhi maneno elfu, moja moja, kama kokoto katika mfuko, bado hajui kusema. Yule aliyehifadhi mia tatu pamoja na wenzake atasema na kufahamika.

Wala msidhani kwamba Waingereza peke yao ndio wenye mambo haya ya ajabu. Nasi tunayo, ila hatuyaoni kwa kuwa tumezaliwa nayo. Lifikirini neno "kupiga". Mtoto mdogo ajua ya kuwa kupiga ni kumchapa mtu. Lakini twapiga hodi, twapiga simu, twapiga pasi, twapiga magoti, twapiga kelele, twapiga mbizi, twapiga chafya, twapiga kura, twapiga picha, na katika hayo yote hakuna aliyechapwa. Mwingereza, kwa kila moja, ana neno jingine. Mlangoni yeye "knocks at the door"; magoti yake huyainamisha, "kneels down"; kelele yeye huifanya, "makes a noise"; kura huitupa, "casts a vote"; picha huitwaa, "takes a photograph". Mgeni mmoja kutoka Ulaya, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza Kiswahili, alimwambia mzee mmoja wa kwetu kwa heshima kabisa, "Mzee, naomba kuchukua picha yako." Mzee akamjibu, "Bwana, mimi sina picha." Yule mgeni hakukosea maana ya neno hata moja. Kila neno alilolisema limo katika kamusi. Alikosea ndoa yao tu.

Sasa tuligeuze jambo hili, tutoke kwetu kwenda kwao. Nachukua neno "kali", kwa sababu ndilo linalowaangusha wanafunzi wangu kila mwaka, nami nimekusanya makosa yake katika daftari zima.

Kisu kikali ni "a sharp knife". Hapo hakuna taabu. Mwanafunzi hufurahi, akaandika daftarini mwake kwamba "kali" ni "sharp", kisha akaenda nalo popote. Akiona mbwa mkali aandika "a sharp dog", ambaye kwa Mwingereza, akiwako, ni mbwa mwerevu wa akili. Alitaka kusema "a fierce dog". Mwalimu mkali humwita "a sharp teacher", kumbe ni "a strict teacher". Jua kali ni "hot sun". Baridi kali ni "bitter cold", yaani baridi chungu, kana kwamba baridi huonjwa kwa ulimi. Chungwa kali ni "a sour orange". Tumbaku kali ni "strong tobacco", na dawa kali ni "strong medicine". Adhabu kali ni "severe punishment". Na homa kali, ambayo kila mtu aingiaye zahanati huitaja, si "sharp" wala "strong" wala "fierce". Ni "a high fever", homa ya juu. Asili yake si vigumu kuibuni, maana homa ilikuwa ikipimwa kwa kipimo chenye zebaki inayopanda. Lakini hata bila ya sababu hiyo ingetupasa kuikubali hivyo hivyo.

Maumivu makali yahitaji uangalifu zaidi. "Severe pain" ni maumivu makubwa ya namna yoyote. "A sharp pain" pia Waingereza husema, lakini ni maumivu ya kuchoma, kama kichomi cha ubavuni. Mganga akikuuliza, jibu lako laweza kumwelekeza njia hii au ile. Kwa hiyo sisemi ya kuwa makosa yote yana uzito mmoja. Ukisema "sharp tobacco" watu watatabasamu, mambo yaishe. Kuna makosa mengine ya jozi za maneno ambayo hayachekeshi, nami nimekwisha kuwaambia habari za mbuzi.

Tena yako maneno mawili yaliyo karibu kuwa ndugu wa tumbo moja, na hata hivyo hayabadilishani mahali. "Strong" na "powerful" yote yana habari za nguvu. Lakini chai iliyokolea ni "strong tea". Hakuna Mwingereza asemaye "powerful tea". Injini yenye nguvu ni "a powerful engine". "A strong man" mara nyingi ni mtu mwenye mwili wa nguvu, na "a powerful man" mara nyingi ni mwenye mamlaka, ijapokuwa mikono yake ni kama vijiti. Mvua kubwa ni "heavy rain", mvua nzito. Upepo mkubwa ni "a strong wind", upepo wenye nguvu. Ukungu mkubwa ni "thick fog", ukungu mnene. Ukiuliza kwa nini mvua iwe nzito na upepo uwe na nguvu, hutapata jibu isipokuwa kwamba ndivyo walivyosema baba zao.

Nifike sasa kwenye "make" na "do". Sisi kwa yote mawili twasema "kufanya", na hapo ndipo shida. Waalimu wengine hufundisha kanuni hii: "make" ni kwa kitu kinachobaki baada ya kazi, na "do" ni kwa kazi yenyewe. Seremala "makes a table", na meza yabaki; mtumishi "does his work", na kazi yaisha. Kanuni hiyo si mbaya, nami huitumia juma la kwanza. Kwa hiyo "make a mistake", kosa labaki; "make a promise", ahadi yabaki; "make money"; "make a noise", ingawa kelele haibaki sana. Na upande wa pili, "do your duty", timiza wajibu wako. "Do the washing", fua nguo. "Do business", fanya biashara. "Do good" na "do harm", kutenda wema na kudhuru. Lakini safari ni "make a journey", na fadhili ni "do a favour", kanuni isituambie kwa nini. Na iko hii inayonifurahisha kila nikiifundisha: "He made a bed" ni habari ya seremala aliyetengeneza kitanda kwa mbao na misumari. "He made the bed" kwa kawaida ni habari ya mtu aliyetandika shuka asubuhi baada ya kuamka. Tofauti ni kineno kidogo tu. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika juu ya ndugu yake mgonjwa, "Every morning I make a bed for him," nami nikamwuliza kama vitanda vyote hivyo vyaenea nyumbani.

Mtu aweza kuuliza: je, mambo haya yote yameandikwa mahali, au ni lazima tuishi Uingereza ndipo tuyajue? Yameandikwa, na habari za kuandikwa kwake zafaa kujulikana, kwa kuwa hazikuanzia Uingereza. Zilianzia Japani. Mwaka 1922 Mwingereza mmoja jina lake Harold Palmer alikwenda huko kutoa mashauri juu ya kufundisha Kiingereza mashuleni. Aliona yale yale tuyaonayo sisi: wanafunzi wenye bidii, wenye maneno mengi vichwani, lakini sentensi zao hazisimami. Basi yeye na wenzake wakakusanya maelfu ya maneno yaendayo pamoja, na mwaka 1933 wakayatoa katika taarifa iliyochapishwa Tokyo. Mwingereza mwingine, A. S. Hornby, aliyefika Japani kufundisha mwaka 1924, aliendeleza kazi hiyo. Yeye pamoja na Gatenby na Wakefield walitunga kamusi iliyoonyesha jinsi kila neno linavyotumika katika sentensi. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, na mwaka 1948 ikatolewa tena na wachapaji wa Chuo Kikuu cha Oxford. Tangu hapo imetengenezwa upya mara nyingi, nayo imeenea duniani kote mikononi mwa watu wasiozaliwa na Kiingereza. Baadaye zikaja mashine za kompyuta. Mwaka 1987, katika mji wa Birmingham, John Sinclair na wenzake walitoa kamusi iliyotungwa kwa kupekua mamilioni ya maneno kwa mashine hizo, ili waone kila neno hukaa na nani. Na mwaka 2002 Oxford wakatoa kamusi nzima ya maneno yaendayo pamoja, isiyo na kazi nyingine.

Huona haki katika hadithi hii. Waingereza hawakuyaona mambo haya vizuri katika lugha yao mpaka wanafunzi wa mbali walipojikwaa nayo. Mwenye nyumba hakioni kizingiti chake. Mgeni ndiye akigongaye.

Ziko jozi za namna nyingine, zile zilizofungwa kwa neno "and", ambalo ni "na". Hizo zina utaratibu wa nani atangulie, na ukiupindua, msikilizaji hukutazama. Mkate na siagi ni "bread and butter", si "butter and bread". Chumvi na pilipili ni "salt and pepper". "Ladies and gentlemen" ni mabibi na mabwana, kama kwetu. "Here and there" ni hapa na pale, kama kwetu tena. Sisi twasema mtu amefika salama salimini; wao husema "safe and sound", na tazameni jinsi maneno yao mawili yanavyoanza kwa sauti moja, kama yetu yanavyoanza. Lakini jambo la kufa na kupona wao huliita "a matter of life and death": sisi twaanza na kifo, wao waanza na uhai. Mara nyingi neno fupi hutangulia na refu hufuata, ila si kila mara, na hapo pia ni kusikia na kushika.

Nyingine katika jozi hizi ni za zamani mno. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliishinda Uingereza, na kwa muda mrefu mambo ya mahakama yakasemwa kwa Kifaransa na kuandikwa kwa Kilatini, hata mwaka 1362 ikatolewa sheria ya kuagiza mashauri yasemwe kwa Kiingereza. Katika hati za wakati wa namna hiyo neno la wenyeji na neno la kigeni yaliwekwa bega kwa bega. Mpaka leo mali za mtu huitwa "goods and chattels": la kwanza Kiingereza, la pili limetoka Kifaransa, na yote mawili ni mali tu. Wasia nao huitwa "will and testament", neno la Kiingereza na neno la Kilatini. Mwanafunzi asijisumbue kutafuta tofauti kubwa kati ya hayo mawili.

Na usingizi? Sisi twasema usingizi mzito. Wao husema "deep sleep", usingizi wa kina, kama kisima. Na mtu aliyelala fofofo ni "fast asleep". Wanafunzi hushangaa, maana wamefundishwa kwamba "fast" ni upesi, nao huuliza mtu alalaje upesi. Lakini maana ya zamani ya "fast" ni imara, iliyoshikamana, kama katika "hold fast", shika sana. Aliyelala hivyo ameshikwa na usingizi barabara. Aliye macho kabisa hawi "fast awake" lakini. Yeye ni "wide awake", kwa kuwa macho yamefunguka wazi.

Maneno ya kusema nitayapitia upesi. Hadithi, kweli na uongo huenda na "tell": "tell a story", "tell the truth", "tell a lie". Sala na kwa heri huenda na "say": "say a prayer", "say good-bye". Lugha huenda na "speak": "He speaks Swahili." Na upuuzi huenda na "talk": "Don't talk nonsense." Tena "tell" hutaka mwambiwa: "He told me", aliniambia, bali "say" hatakiwi kufuatwa naye hivyo, na "He said me" ni kosa nilisikialo kila siku. Vineno vidogo kama "on", "to" na "at" navyo vina ndoa zao, nazo ni nyingi mno kwa mazungumzo ya leo. Nataja moja tu, kwa ajili ya akina dada: kwetu mwanamke ameolewa na fulani, lakini kwa Kiingereza hawi "married with" mtu, ni "married to" yeye.

Sasa mwataka kujua dawa. Mimi huwaagiza wanafunzi wangu wasiandike kamwe neno moja peke yake katika daftari. Huandika neno na mwenziwe, kisha sentensi nzima fupi iliyotoka katika maisha yao wenyewe. Hawaandiki "heavy", huandika, "There was heavy rain and the river rose." Siku ya pili hufunika mwenzi mmoja kwa kidole na kumtafuta kichwani. Na kila wasomapo kitabu huwa na kalamu karibu, maana wenzi wa maneno huvuliwa vitabuni kama samaki, hawachimbwi katika orodha.

Nitamaliza kwa barua. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliniletea barua ya kuomba ruhusa, akiwa kwao likizo ya siku chache, dada yake amepatwa na ugonjwa. Aliandika hivi:

"Yesterday there was a big rain and a heavy wind. My sister was ill with a sharp fever. I made my duty and did the journey with her to the dispensary. We lost the lorry, so we went by feet. On the way I told a prayer. The dresser said me that I did a good decision. Now she is in a heavy sleep. I depend to your kindness."

Barua ile sikuisahihisha siku ile. Niliiweka ndani ya kitabu, nikampelekea jibu la mstari mmoja kwa Kiswahili, akae na dada yake hata apate nafuu. Aliporudi baada ya siku sita, na habari za nyumbani zikiwa njema, tuliketi chini ya mwembe tukaisoma pamoja, naye akaitengeneza mwenyewe, mimi nikimwuliza tu, "Mwenzi wake ni nani?" Mvua ikawa "heavy rain", upepo ukawa "a strong wind". Homa ikawa "a high fever". Wajibu ukahamia kwa "do", safari ikahamia kwa "make". Kwenda kwa miguu kukawa "on foot", mguu mmoja, ingawa walitembea kwa minne. Sala akai-"say". Mganga msaidizi "told me", na shauri jema likawa "I made a good decision". Dada akawa "fast asleep". Na fadhili zangu akazitegemea kwa "on".

Alipofika penye lori alisimama kwa muda mrefu, kalamu hewani. Nikataka kumsaidia, nikajizuia. Kisha akafuta "lost", akaandika "missed", akanitazama usoni, asijue kwa nini mwalimu wake amecheka peke yake.